Mkono wa Mama Mkwe

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Mwanza, nikisubiri majibu yangu. Pembeni alikaa mama mtu mzima kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa kwa kivuko, amekuja kuangaliwa utumbo kwa kamera. Binti yake alikuwa naye. Mkwe wake wa kiume alisimama mbali, kawageuzia mgongo, kama adabu ya ukweni inavyotaka.

"Dawa ya kusafisha tumbo alimaliza?" nesi akauliza.

"Yote, na ndoo ya maji ya kawaida juu yake," binti akajibu kwa fahari. "Tulitaka asafishike kweli kweli."

Mama alikuwa anasinzia, kashika kichwa.

"Njaa hiyo," nesi akasema, akaenda zake.

Mkwe alipopita kwenda dirishani, mama akaudaka mkono wake, akaung'ang'ania. "Kaka, kivuko kimefika?"

Kijana akapaza sauti. "Daktari! Huyu mama hajawahi hata kunitazama usoni!"

Daktari alikuja mbio. Alisema hutokea kwa nadra: mtu anaharisha, anajaza maji matupu, chumvi ya damu inashuka na akili inavurugika. Wangechelewa, angepata degedege. Wakamtundikia dripu.

Hospitali ile ina mashine za kila aina, ila siku hiyo kipimo kilichosema kweli kilikuwa aibu.

Jioni nilichungulia wodini. Mama bado kaushika ule mkono. Akafumbua macho, akautazama, akautupa kama kaa la moto, akajifunika kitenge gubigubi.

"Asante Mungu," mkwe akasema, akirudi kinyumenyume mlangoni. "Amepona."