Bipu Tatu za Bibi Harusi

Shangazi alikaa kwenye swichibodi ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyempigia yeye. Watu walimtafuta daktari, walimtafuta muuguzi, walimtafuta mgonjwa wa wodi namba nne, naye akawaunganisha: "Haloo, hospitali, nikuunganishe na nani?" Siku moja ikaletwa mashine ya kusema bonyeza moja, bonyeza mbili. Shangazi akapewa keki na saa ya ukutani, akaagwa kwa makofi. Saa yenyewe ilikuwa haitembei. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Huko nyumbani simu yake ndogo ya vitufe ikawa inalia kidogo na kukatika. Ndugu walikuwa wanambipu! Wadogo zake, binamu zake, hata wifi yake mwenye maduka mawili, wote wanabipu ili yeye ndiye apige. Mtu aliyeunganisha mji mzima akakosa wa kumpigia japo amuulize ameamkaje. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha. "Mimi ni kengele ya mlangoni," alikuwa akisema. "Wananibonyeza na kukimbia."

Sasa, mtoto wa kaka yake alikuwa anatengeneza filamu. Sisi tulimwita Mwongozaji tangu alipoazima kamera na kuanza kuvaa kofia kinyumenyume. Alifungua kundi kwenye simu, akatia watu arobaini na sita, akadhani kazi imekwisha. Thubutu! Likajaa maua ya asubuhi njema, dua, vichekesho, na picha ya mtoto wa sijui nani ameota jino. Ujumbe wa "kesho tukutane shuleni" ukafunikwa humo humo. Siku ya kwanza nusu ya watu walikwenda shuleni, nusu wakaenda sokoni, na mpiga picha akabaki kitandani akisubiri kuambiwa. Siku ya pili ikawa yale yale. Mwongozaji akaja jikoni kwa shangazi yake, akakaa ameshika tama.

"Wapishi wengi huharibu mchuzi, baba," Shangazi akamwambia. "Wote wanaandika, nani anasoma? Niletee namba zao."

"Lakini Shangazi, hata salio la kuwapigia hatuna."

"Nani kasema tutapiga? Tutabipu."

Akakata ubavu wa boksi la sabuni, akaandika kwa herufi kubwa: bipu moja, nimefika, mbili, niko njiani, tatu, nimekwama, nifuateni. Kila mtu akafundishwa, na aliyebisha alifundishwa mara ya pili kwa sauti ya juu. Tangu siku hiyo Shangazi akawa anaketi kwenye kigoda barazani, simu mapajani, penseli nyuma ya sikio. Simu ikilia anatia alama kwenye daftari, anapaza sauti: "Fundi wa taa kafika! Baba mkwe wa filamu yuko njiani!" Kazi ikatembea, jamani. Wiki tatu nzima hakuna aliyepotea. Shangazi mwenyewe akanenepa kwa raha, na wifi yake akibipu anaandikiwa daftarini kuwa amefika.

Ikabaki siku moja, ya kupiga picha ya mwisho: Bibi Harusi anatoka mlangoni kwao. Tulimwita hivyo kwa sababu ya nafasi aliyoigiza. Kwenye maisha ya kweli alikuwa muuguzi, na kesho yake alfajiri alikuwa anasafiri kwenda masomoni miaka miwili. Ikishindikana leo, filamu haina mwisho.

Saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa tayari uani kwa Shangazi. Taa zilikuwa zimewaka, zikila umeme wa gari, na gari lilikuwa hilo moja tu. Aliyekosekana ni Bibi Harusi. Saa kumi ikapita. Mara simu ikalia, namba ya Bibi Harusi, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Ya tatu.

"Tatu!" Mwongozaji akaruka. "Amekwama! Dereva, chomoa nyaya, twende!"

"Acha nyaya," Shangazi akasema.

"Shangazi, sheria ni yako mwenyewe! Imeandikwa pale kwenye boksi!"

Shangazi akapiga. Namba haipatikani. Gari likiondoka, kwenda na kurudi ni saa nzima na zaidi, na jua halimngoji mtu. Lisipoondoka na msichana kweli amekwama, basi ameiua filamu ya mtoto wa kaka yake kwa kinywa chake mwenyewe. Uani watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Sikiliza," akasema. "Mtu akibipu, anakata kwa kidole, na kidole kina mwendo wake. Zinatoka sawa sawa. Hizi ya kwanza ndefu, ya pili kama kwikwi, ya tatu haikufika hata katikati. Huo ni mtandao. Huyu habipu, huyu anapiga na anakatwa. Na anakatwa kwa sababu yuko kwenye mwendo."

"Una hakika?"

"Miaka thelathini na mmoja, baba. Gari lisitoke."

Mwongozaji akavua kofia, akaivaa tena, akakaa chini. Zikapita dakika kumi. Zikapita kumi na tano. Ndipo pikipiki ikakata kona, na nyuma yake Bibi Harusi, gauni limefungwa kwenye mfuko mweusi, anapiga kelele kabla hata hajashuka: "Jamani mbona simu zenu hazishiki! Nilikuwa nauliza, nije na viatu vyeupe au vya dhahabu?"

Viatu! Na gauni lenyewe linaburura chini, hata kidole cha mguu hakionekani. Tulicheka mpaka baba mkwe akakohoa. Picha ikapigwa mara mbili tu, jua likiwa bado liko juu ya paa la jirani. Jungu kuu halikosi ukoko.

Baadaye watu wakakunja nyaya, wakamkumbatia Bibi Harusi, wakaanza kuondoka. Shangazi akabaki kwenye kigoda chake, na furaha yake ikaingia ubaridi kidogo. Kesho simu itarudi kuwa kengele ya mlangoni.

Ikalia. Moja, akahesabu kwa mazoea. Mbili. Tatu. Akangoja ikatike, haikukatika. Nne. Nne haikuwa na maana yoyote kwenye boksi. Tano.

"Shangazi, pokea!" mpiga picha akampigia kelele.

Akapokea kwa kubabaika, na ulimi ukamponyoka: "Haloo, hospitali, nikuunganishe na nani?"

Upande wa pili wa ua, Mwongozaji alikuwa amesimama na simu sikioni, amempa mgongo.

"Namtafuta msimamizi wa filamu," akasema. "Nina nyingine mwezi ujao. Naweza kumpata?"

Shangazi akafuta macho kwa kiganja.

"Subiri kwenye laini," akasema. "Yupo."