Mstari Mtupu wa Mwaka Themanini na Moja

Katekista Bartholomeo alikuwa amebakiwa na jeuri moja tu, ufunguo wa kabati la vitabu. Miaka sabini na saba ilikwishamnyang'anya mengine yote. Goti la kushoto halikutaka tena milima ya Mgeta, sauti ya kuimbisha ilikauka, na ibada za Jumapili pale kigangoni ziliongozwa na katekista mpya mwenye pikipiki. Lakini kitabu cha marehemu alikiandika yeye, kwa mkono wake, tangu mwaka sabini na tano, na aliyetaka kujua babu yake kalazwa wapi sharti apande hadi ofisini kwake, atoe shikamoo, akae kwenye benchi angoje. Akiulizwa kwa nini hampi mwenzake huo ufunguo, hujibu kwamba watu wa siku hizi wana mikono michafu. Uongo mtupu. Ndani ya kile kitabu mlikuwa na ukurasa ambao hakutaka mtu ausome bila yeye kuwapo.

Na watu walipanda, msidhani. Mgeta imetawanya watoto wake Dar, Mafiga, Mzumbe na kwingine kwingi, nao wakifika umri fulani wanaanza kuulizana wametoka wapi. Misalaba ya zamani ilikuwa ya miti, mchwa wakaila. Kilichobaki ni kitabu: namba, jina, wazazi, siku ya kufa, umri, mahali pa kaburi, na safu ya mwisho ya maelezo. Bartholomeo alikijua kitabu hicho kama matuta ya shamba lake. Angekuonyesha mwaka wa surua kwa safu ya umri peke yake: miaka miwili, mwaka mmoja, miezi tisa, hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa.

Julai mwaka huu alikuja Upendo, mwalimu wa shule ya msingi kule Mafiga. Alitaka kuandika watu wa ukoo wa mama yake, maana Mluguru huhesabiwa kwa mama, na wazee waliokuwa wakiukariri ukoo ule kwa kichwa walikuwa wanaisha mmoja mmoja. Siku mbili alinakili. Alimpata mama wa bibi yake. Alimpata mjomba Kobelo, mtu aliyekuwa akimsikia kwenye hadithi tu. Alimpata na baba yake mwenyewe, Fidelis, aliyezikwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Bartholomeo alifurahi naye kweli, akamchemshia chai, akamwita mjukuu wangu. Siku ya tatu Upendo akaja na mama yake, Skolastika, na ile furaha ikakatika.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele na milele, amina. Karibu, mama. Umeupanda mlima wote huu?"

"Nimeupanda. Mwanangu ameandika ukoo mzima, ila kaka yake hayumo. Nimekuja kumtafuta yule wa kwanza, niliyempa jina la mjomba wangu Kobelo."

"Hayumo," alisema Bartholomeo, haraka mno. "Alikufa hajabatizwa, mama. Wakati ule wasiobatizwa sikuwaandika."

"Hilo nalijua miaka yote. Sijaja kwa hilo. Mwonyeshe, Upendo."

Upendo akakifungua kitabu mwaka themanini na moja, akaweka kidole. Kati ya namba kumi na saba na namba kumi na nane palikuwa na mstari mmoja usio na neno.

"Nimepekua kitabu chote, mzee," alisema kwa adabu. "Hujaruka mstari popote isipokuwa hapa. Wa juu amekufa tarehe nne Mei, wa chini tarehe kumi na tisa. Mama anasema Kobelo alikufa tarehe kumi na moja."

Paroko mmoja aliwahi kumuuliza habari ya mstari ule, Bartholomeo akajibu kwamba kalamu iligoma. Paroko akacheka, yakaisha. Lakini Skolastika hakuwa paroko. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya kanga, akimtazama, na Bartholomeo akaona kwamba uongo wa kumpa huyu mama ulikwishatumika wote siku ile ile ya Mei.

Siku ile ilikuwa ya lori. Masika ilikuwa imeharibu barabara wiki mbili, kabichi zimejaa kando ya njia zinaanza kunuka, na ndipo lori likafika, dereva anapiga honi na kusema hangoji mtu. Bartholomeo alikuwa na miaka thelathini na minne, ana shamba zuri kuliko ya wenzake, na alilijua hilo. Saa moja asubuhi, yuko juu ya lori anapanga, akaja Fidelis anahema. Mtoto wake wa siku mbili alikuwa anakata roho. Skolastika anaomba Katekista aje ambatize.

"Tangulia," alimwambia. "Namalizia kupakia, nakuja."

Fidelis akasimama kidogo, akasema tena kwamba mtoto hali yake mbaya. Akaambiwa tena atangulie. Akarudi mlimani peke yake, akakaa njiani kumngoja, kwa kuwa hakuthubutu kufika nyumbani bila yeye.

Na hapa ndipo Bartholomeo alipojichukia zaidi kuliko kwenye zile kabichi. Alijua, kwa sababu alifundishwa, kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata baba yake, kwa kikombe cha maji na maneno machache. Angeweza kumwambia Fidelis maneno hayo pale pale, akiwa juu ya lori, bila kuangusha kabichi hata moja. Hakumwambia. Kijiji kizima hakuwa amekifundisha jambo hilo, na kisa ni kwamba alipenda kuitwa. Alipenda watu wamkimbilie, wamsubiri mlangoni, waseme Katekista amefika.

Alifika saa nne, Fidelis nyuma yake. Mtoto alikuwa ameshafunikwa. Skolastika, na maumivu yake ya uzazi, akauliza swali moja: "Fidelis amekufikia saa ngapi?"

"Amenifikia sasa hivi," alijibu Bartholomeo.

Fidelis alikuwa mlangoni, akasikia. Alikuwa kijana mwenye sifa ya kusimama kwenye vilabu vya pombe, nani angemwamini yeye akamwacha katekista? Mtoto akazikwa nje ya uzio wa michongoma wa makaburi, walikolazwa wasiobatizwa, Bartholomeo akarudi ofisini kuandika, akashindwa kuandika na akashindwa kuacha. Akaruka mstari.

Hayo yote aliyasema sasa, pale pale, macho kwenye kitabu. Hakuficha lori wala zile saa tatu. Alisema na habari ya kikombe cha maji. Alipomaliza, Upendo alikuwa ameiweka kalamu chini. Skolastika hakulia. Alizungumza taratibu, na ilikuwa heri angemtukana.

"Fidelis aliniambia. Aliniambia siku ile, akaniambia mwaka uliofuata, kisha akaacha. Mimi nilisema alipitia pombe. Miaka thelathini, Katekista. Akichelewa kurudi shambani nilimwambia, ndiyo kawaida yako kuchelewa, hata mwanao ulimchelewea. Mbele ya watoto nilimwambia. Upendo huyu amekua akisikia."

"Nilisikia," alisema Upendo.

"Alipokuwa anaumwa, mwisho mwisho, alitaka tuzungumze. Nikamwambia alale. Nilijua anataka kuyarudia yale yale."

"Nisamehe, mama," alisema Bartholomeo. "Nimejuta kila siku. Kila Jumapili Fidelis alinisalimia mlangoni, hujambo Katekista, kama vile sijamfanya kitu, nami kila Jumapili nilisema nitakwambia wewe wiki ijayo. Nikamzika. Nikamwandika humu kwa mkono huu, na bado sikusema."

"Andika," alisema Skolastika.

"Mama?"

"Mstari si uliniwekea? Andika."

Bartholomeo akachukua kalamu. Herufi zilipanda na kushuka. Kobelo. Baba, Fidelis. Mama, Skolastika. Tarehe kumi na moja Mei. Siku mbili. Nje ya uzio, upande wa mashariki, chini ya mgomba. Alipafahamu vizuri, kila Novemba alipalilia, watu wakadhani amechanganyikiwa. Akataka kufunga kitabu.

"Bado. Kuna safu ya maelezo."

"Niandike nini?"

"Andika saa aliyokuja Fidelis kukuita. Halafu andika saa uliyofika. Usiongeze kitu."

Aliandika: Baba aliita saa moja asubuhi. Katekista alifika saa nne. Skolastika akamtaka asome kwa sauti. Akasoma. Akamtaka arudie ile ya baba. Akarudia, naye Upendo akainakili katika daftari lake, kwenye ukurasa wa Fidelis, kisha akampigia mama yake picha ya ule mstari kwa simu.

Wakasimama kuondoka. Bartholomeo akatafuta fimbo yake. "Ninyi mnapita makaburini? Ngoja niwasindikize."

"Baki," alisema Skolastika. "Ninakwenda kumwomba radhi mume wangu, na hiyo ni ya kwangu. Ya kwako utaipeleka mwenyewe."

Aliwaona wakishuka kwenye kijia, binti amemshika mama mkono. Kitabu alikiacha wazi, wino haujakauka. Alingoja mpaka walipotoka makaburini na kupotea kwenye migomba. Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akauacha kwenye kabati mahali katekista mpya atakapouona, akaanza kushuka na goti lake bovu kwenda kwa Fidelis.