Mtungi Uliopasuliwa Uani kwa Bi Tabu

Bi Tabu binti Jabiri alikuwa mkali tangu usichana wake, na watu wa Temeke walimwachia watoto wao hivyo hivyo. Miaka ile baada ya vita, kina mama walishinda sokoni au shambani, naye alibaki na wadogo ambao hata kusema walikuwa bado hawajaweza. Masika yakiingia, hakuwafungia ndani. Aliwavua nguo, akapanga vifuu, sufuria kuukuu na mtungi wa marehemu mama yake chini ya makuti yanayochuruzika, akawaacha. Wakachota, wakamwagiana, wakasukuma karara la mnazi kwenye mfereji wa uani kama mashua. Jioni aliumwagia mchicha maji yote, vyombo akavifudikiza.

Siku moja, manyunyu hayajakatika, akaingia Revelian, bwana afya mgeni kutoka bara. Serikali ilikuwa imekataza maji yaliyotuama, kwa ajili ya mbu. Alipindua sufuria kwa kiatu, kisha akaupiga mtungi kwa fimbo, ukapasuka. Mtoto wa Yuliana, jirani wa Bi Tabu, alikuwa ameushikilia; akaangukia vigae na kuchanika kiganja.

Bi Tabu alichana kanga yake, akamfunga mtoto jeraha. Ndipo akamgeukia kijana yule.

"Ungeuliza," alisema. "Ungeuliza tu kama maji haya yanalala hapa."

Revelian akajibu kuwa sheria haiulizi, akaenda zake.

Yuliana aliporudi, alimsihi Bi Tabu ayaache, maana mumewe alikuwa tarishi wa serikali na asingependa maneno. Hilo likamchoma Bi Tabu zaidi. Mtoto kaumia, na mama mtu anaogopa!

Mvua ilipopiga tena, alimbeba mgongoni aliye mdogo kuliko wote, wengine akawashika mikono, mpaka ofisi ya afya, karibu na soko. Maji yalikuwa yakiporomoka kutoka kwenye bati. Akawaketisha barazani, akawagawia vifuu. Muda si mrefu sakafu ya ndani ilikuwa imelowa, makarani wameinua miguu.

Mkubwa wao, Mzee Mwishehe, akatoka kuuliza kulikoni.

"Nimewaleta wacheze kwenu," alisema Bi Tabu. "Kwangu mmekataza."

Akamwonyesha kile kiganja, akamweleza yote. Mzee Mwishehe alimwita Revelian, akamwamuru aombe radhi. Kijana akasema samahani, mama, macho chini.

"Samahani mpe huyu mtoto," alisema Bi Tabu.

Mtoto alijificha nyuma ya kanga, akakataa kumtazama.

Tangu hapo watoto wakaendelea kucheza uani, na Revelian alipofika kukagua alisimama njiani mpaka aitwe. Kila mara alimwamkia shikamoo. Bi Tabu alimwonyesha vyombo, kimoja kimoja, lakini marahaba hakuitoa, mpaka kijana alipohamishwa.