Nizawadie Maji

Doña Hermelinda Cubides alikuwa na kanuni moja kazini, na aliishika kwa miaka kumi na tisa: dereva ana macho, hana mdomo. Gari lake jeupe, lenye rozari kwenye kioo, liliwabeba wageni wa ng'ambo waliokuja Bogotá kuasili watoto. Aliwapeleka kwa daktari, mahakamani, na mwisho uwanja wa ndege. Aliona mengi humo. Aliona akina baba wazima wakilia na watoto wakiwabembeleza. Jioni alirudi kwake, akavua viatu, akanyamaza.

Familia ya wiki hiyo ilitoka Norwe. Sigrun alikuwa mwanamke mrefu aliyesoma Kihispania darasani kwa miaka miwili. Mumewe Torleif alijua kusema "asante" na kupiga picha, basi. Binti yao mpya, Luz Dary, alikuwa na miaka sita. Walikuwa naye siku ya tano sasa, na tangu siku ya pili hakuwa amewatamkia hata neno moja. Alikula alichowekewa, akalala alipolazwa. Kesho yake saa tatu asubuhi ofisa wa ustawi wa watoto angekuja kuona kama wamepatana, na asiporidhika, faili lisingefika kwa hakimu. Ukimtazama Sigrun machoni ulijua kwamba usingizi umemhama.

Siku hiyo hawakuwa na miadi yoyote, kwa hiyo Doña Herme akawapeleka Zipaquirá kuona kanisa lililo ndani ya mgodi wa chumvi. Ndiko alikozaliwa. Baba yake alichimba chumvi huko mpaka kifua kikamshinda.

Njiani Sigrun alijikaza kuongea, maana kimya cha kiti cha nyuma kilimuumiza.

"Doña Herme, watu wa huku mnapenda zawadi jamani. Jana mlinzi wa benki kaniambia nimzawadie sahihi yangu. Sahihi yangu ataifanyia nini?"

Doña Herme akacheka mpaka rozari ikayumba. "Ndivyo tunavyoomba, mama. Huku ukisema 'nipe' tu, unaonekana mkavu. Unasema 'nizawadie kahawa', halafu unailipia kama kawaida!"

Sigrun naye akacheka, akaliandika neno kwenye daftari lake.

Walisimama kando ya barabara kununua mikate ya jibini. Wazazi walibaki nje, Torleif akimpiga picha ng'ombe kana kwamba kwao Norwe ng'ombe hawapo. Luz Dary akamfuata Doña Herme dukani, akasogelea kabati la kioo, akamwambia muuzaji kwa sauti safi kabisa:

"Nizawadie mmoja, ule wa moto."

"Ala! Kumbe mdomo unao!" Doña Herme alimaka.

"Ninao."

"Sasa mbona humsemeshi mama yako?"

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anayeeleza jambo lililo wazi. "Hasikii. Siku ya kwanza nilimwambia anizawadie maji. Akanipa mwanasesere. Nikamwambia anizawadie blanketi, miguu ilikuwa na baridi. Akanipa penseli za rangi." Akauma mkate, akatafuna. "Nikiomba mkate si atanipa tembo?"

Doña Herme alitaka kucheka, akaacha. Aliliona lote mara moja: mtoto mwoga ananong'ona huku ameinamisha kichwa, na mama mgeni anadaka neno moja tu, zawadi, anakimbilia sanduku la vitu vya kuchezea kwa furaha. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Huyu maskini alililia maji tu, na mtu aliyevuka bahari kwa ajili yake hakumwelewa.

"Jaribu tena," akamwambia.

"Mara ya tatu?"

"Mara ya tatu. Akikupa tembo, tutampakia garini."

Luz Dary akauma mkate tena.

Mlangoni pa mgodi kanuni ya miaka kumi na tisa ikavunjika. Doña Herme alimvuta Sigrun kando, akamweleza kila kitu. Sigrun aliiva uso, kisha akapauka.

"Alikuwa na kiu," alisema. "Mtoto ana kiu, nami nampa mwanasesere."

"Usilie, mama, utamtisha. Wala usimkimbilie na chupa. Mwache aombe mwenyewe, na akiomba, sikiliza neno la pili."

Wakashuka. Njia iliteremka gizani, hewa ikawa nzito, na kila aliyevuta pumzi alisikia chumvi kwenye midomo. Kisha mlima ukafunguka ndani kwa ndani. Torleif aliishusha kamera, akasahau kuiinua. Ukumbi ule ungemeza kanisa la mjini na mnara wake, na mwisho wake ulisimama msalaba mkubwa ajabu, mwanga ukiwa nyuma yake, mpaka mtu akajiona sisimizi aliyeingia nyumba isiyo yake. Doña Herme alikwisha kuingia humo mara zisizohesabika. Bado alivua kofia.

Chini kidogo palikuwa na shimo refu la kutisha. Luz Dary akarudi nyuma. Kiongozi wa wageni akadondosha jiwe, na shimo likatetemeka. Hapakuwa na shimo. Yalikuwa maji ya chumvi, yametulia hivi kwamba dari lote lilikuwa limelala ndani yake kama kwenye kioo.

"Nani alichimba?" mtoto aliuliza kwa kunong'ona.

"Baba yangu na wenzake."

"Walikuwa wanamtafuta Mungu?"

"Walikuwa wanatafuta chumvi. Mungu alihamia baadaye. Haya, lamba ukuta. Kila mtoto wa hapa amelamba."

Luz Dary akalamba, tena kwa bidii, kutoka chini kwenda juu. Uso ukamkunjamana. Akameza mate, akameza tena. Macho yakatafuta chupa, yakaiona kwenye mkoba wa Doña Herme, kisha yakaiona nyingine mkononi mwa Sigrun.

Doña Herme akauficha mkoba nyuma ya mgongo.

Mtoto alisimama kitambo. Halafu akapiga hatua tatu, akainamisha kichwa mbele ya yule mwanamke mrefu, akanong'ona vilevile kama siku ya kwanza:

"Nizawadie maji."

Sigrun alipiga magoti juu ya chumvi. Kizibo kilimponyoka kikabingirika gizani, lakini chupa aliishika. Luz Dary akanywa. Akapumua, akanywa tena mpaka yakamtiririka kidevuni. Kisha akageuka kumtazama Doña Herme, macho yamemtoka, wala si kwa ajili ya ule msalaba.

"Doña Herme," alisema, "ni maji."