Nyuso Mbili kwenye Filamu Moja

Kamera yangu ni ya mbao, na watu wa Nyeri wameshaiita kila jina. Mzee mmoja wa Wamagana aliniuliza kama ni mzinga wa nyuki. Haitumii mkanda wa filamu. Inatumia vipande, kimoja kimoja, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Kila kipande hukaa gizani ndani ya kibebeo chembamba chenye kifuniko cha kuchomoa, na kifuniko hicho kina upande mweupe na upande mweusi. Mweupe ukiwa nje, filamu haijapigwa. Ukishapiga unakigeuza, mweusi uwe nje. Hiyo ndiyo sheria yote, nami ndiye huwafundisha wengine. Mwanafunzi akisahau, namfokea mpaka ajute kunijua.

Mganga hajigangi.

Baba alistaafu kazi ya kufunza polisi gwaride, tukabaki kuishi Kiganjo. Picha hakuzipenda kabisa. Alikuwa na ile ya kitambulisho tu, ambamo anaonekana kama mshukiwa. Nilimbembeleza kwa miaka, hadi asubuhi moja akaketi kwenye kiti nje ya nyumba, mgongo wima.

"Moja tu," akasema. "Na usinikawishe."

"Utulie, baba. Usipepese macho."

"Ati wewe ndio utanifunza kutulia?"

Kulikuwa na ukungu, mwanga ulikuwa mchache, nikahesabu sekunde mbili nzima. Hakupepesa. Nadhani hata hakupumua. Kisha akaruka wima, akanipigia saluti: "Naweza enda sasa, afande?" Nikacheka mpaka machozi, na katika kucheka huko nikarudisha kifuniko upande mweupe ukiwa nje. Sikuona.

Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama. Filamu yake nilikuwa sijaisafisha, maana huwa nangoja zikusanyike. Baada ya mazishi mama akaniomba nimpige picha yeye pia, kwenye kiti kile kile, mahali pale pale, ili wakae ukutani pamoja. Niliamini filamu ya baba iko salama chini kabisa ndani ya mfuko wa kamera, upande mweusi ukiwa nje. Nikachukua kibebeo kilichoonyesha upande mweupe, nikahesabu sekunde mbili. Mama alifumba macho. Niliona, lakini sikuwa na moyo wa kumwambia turudie.

Jumamosi iliyofuata nilijifungia kwenye stoo isiyo na dirisha na mabakuli yangu ya dawa. Nilipowasha taa na kuinua filamu ya mama, ikidondosha maji, nilihesabu mikono minne.

Nilipoichapa ndipo nilipoona sawasawa. Mabega ya baba yalitokeza huku na huku ya mabega ya mama. Kidevu cha baba kilikuwa ndani ya shingo ya mama. Na kwenye kope za mama zilizofumbwa, macho ya baba yalikuwa wazi, yananitazama. Watu watadhani nililia. Sikulia, niliogopa. Nilimwogopa baba yangu mzazi, nikalaza ile picha kifudifudi na kutoka nje kwenye jua.

Niliificha mwezi mzima. Usiku nikifumba macho, nilihisi ya baba yamefunguka juu yangu. Mama alipochoka kuuliza, nikampelekea. Aliipeleka dirishani, akaishika karibu na uso, wala hakushtuka.

"Huyu ni yeye," akasema. "Na huyu ni mimi. Nimemziba."

"Ni makosa yangu, mama. Nilipiga mara mbili kwa filamu moja."

"Basi toa mimi. Wacha yeye. Si siku hizi mko na kompyuta?" Akaigeuzia tena mwanga. "Nimeanza kusahau venye alikuwa anaangalia mtu."

Nilimpelekea fundi mmoja mjini, tukakaa mbele ya kioo cha kompyuta yake siku mbili. Kila tulipofuta kope ya mama, jicho la baba liliondoka nayo. Tulipolifuta shavu la mama, baba alibaki na tundu. Fundi, kijana mwenye subira kuliko mimi, alizima mashine na kuniambia niwaache walivyo.

Mama sijamwambia. Kila Jumapili nikifika Kiganjo, hata kabla sijaketi, huniuliza, "Umenitoa?"

"Bado kidogo, mama."

Naye huniambia nisimwonee huruma, nifute tu.