Waya Mweusi wa Mama Mkwe

Sitaki kuanza kwa kujitetea, kwa sababu nimejitetea miaka mingi na haijanisaidia kitu, kwa hivyo nakubali tu: mimi ndiye yule mwanamume aliyesimama sebuleni kwa wakwe zake huko Myanga, mbele ya wazee wa heshima, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba nyumba hiyo ina mwizi. Na mwizi akapatikana. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kwamba alipatikana.

Mnanijua mimi ni wa Kitale. Wazazi wangu walitoka mkoa wa kati wakanunua shamba upande wa Moi's Bridge kabla sijazaliwa, na mke wangu Nanjala ni Mbukusu wa hapo Myanga. Baba yake, Mzee Wafula, hakunikataa (tusimsingizie), ila kwa miaka yote ya ndoa yetu aliniita mgeni. Mgeni amefika. Mgeni apewe chai. Nimezaa watoto na binti yake na bado ni mgeni! Na kuku akichinjwa, ile firigisi, ambayo kwao hupewa mwanamume anayeheshimiwa katika nyumba, ilinipita kila mara ikaenda upande wa pili wa meza, mimi nikabaki na paja langu nikijifanya nalipenda. Niliitaka hiyo firigisi, jamani. Si kwa utamu, firigisi ina utamu gani, nilitaka tu siku moja mzee aisukume sahani upande wangu watu wakiona.

Ndiyo sababu nikampelekea sola. Nguzo za stima zilikuwa mbali na boma lake, kwa hivyo nikamfungia paneli juu ya mabati, betri, taa za vyumbani na televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe. Alifurahi sana mwanzoni. Halafu betri ikafa, kwa sababu walikuwa wanaitumia mpaka inakauka kabisa, na betri ukiikausha hivyo kila mara haifufuki, lakini nani atamwambia mkwe wake kwamba ameua betri? Yeye alisema tu, "Hivi vitu vya Kitale ni vya kurembesha duka." Nikameza. Nikaapa kwamba nikileta betri nyingine nitaileta na mita ya kuonyesha imebaki kiasi gani, ndiyo kila mtu ajue mapema na mimi nisilaumiwe.

Dukani Kitale, kwa Mama Rukia, karibu na msikiti, niliwekewa mita mbili juu ya kaunta.

"Hii ndogo ni ya taa tatu," akasema. "Kijani, njano, nyekundu. Ukiona nyekundu, zima televisheni ulale. Haina maneno mengi."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ilitoka kwa mzungu mmoja aliyeuza shamba akarudi kwao. Inahesabu stima inayoingia na inayotoka, halafu inakupa namba, betri imebaki asilimia ngapi. Lakini Baba Shiku, waya zote nyeusi za betri lazima zipite kwa hiki kipande chake cha chuma. Zote. Yenye haijapita hapo, haijahesabiwa."

Nilielewa vizuri kabisa, na hapo ndipo aibu yangu inapozidi, maana mjinga angalau ana la kusema. Ni kama mtu aliyekaa getini akihesabu ng'ombe. Anayetoroka kwa ua wa nyuma, huyo hamjui. Nikachukua ile ya namba. Mama Rukia aliniuliza kama nina uhakika, na mimi sikuwa nafikiria betri, nilikuwa nafikiria wazee wenzake baba mkwe wakisoma namba ukutani wakitikisa vichwa. Taa tatu ni za barabarani, nilijiambia. Namba ina heshima.

Nikaenda Myanga nayo na betri mpya, na shemeji yangu Simiyu, kaka yake Nanjala, akanishikia vitu nikifunga. Betri iliyokufa ilikaa pembeni mwa sebule, kwenye ukuta unaopakana na jikoni. Nikainama kulegeza waya za zamani, nikaona kuna waya mwingine mwembamba, mweusi, umebanwa juu kabisa ya betri kwa klipu, unaingia kwenye kitundu cha ukuta.

"Huu ni wa nini?"

"Ni wa Mama," Simiyu akasema. "Wa kuchaji simu. Alijifungia mwenyewe."

Sasa eleweni. Kwa Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anapinda kando, na vitu vyake vya jikoni huvigusi. Si uadui, ni heshima, na mimi ambaye kila siku naambiwa ni mgeni nilikuwa naishika hiyo heshima kuliko wenyeji. Na huo waya ameufunga kwa mkono wake. Nikauangalia. Ningeweza kumwita Nanjala aliyekuwa huko huko jikoni, nimwambie, muombe mama yako tuuhamishe huu waya. Basi. Lakini nikaona itakuwaje, mkwe amefika tu na neno lake la kwanza ni kukagua mali ya mama mkwe? Tena simu moja inakula nini? Nikauacha, Simiyu akaubana juu ya betri mpya vile vile. Waya nyingine zote nikazipitisha kwenye kile chuma, nikazikaza vizuri, nikafunika na kifuniko, nikanyamaza. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo.

Siku yenyewe ilikuja baadaye kidogo. Timu ya taifa ilikuwa inacheza jioni, mzee akaalika wazee wenzake waje waone mpira kwake, na akatuma neno kwamba niwepo. Niwepo mimi! Tukatoka Kitale asubuhi na Nanjala na watoto. Kufika, kitu cha kwanza nikaangalia ukutani: themanini na nane. Wazee walipoingia nikawaonyesha mmoja mmoja. Wakatikisa vichwa kama nilivyoota.

Mzee Wafula ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Mgeni, tuwashe karabai ikae kando? Hii wiki jua rimekuwa rinajificha."

"Baba, soma namba," nikasema. "Themanini na nane. Hiyo karabai hatuihitaji kabisa."

Akanisikiliza. Karabai ikaenda kwa jirani aliyekuwa na wageni, na mimi nikaegemea kiti nikijiona mtu.

Mpira ukaanza, giza likaingia, taa zikawaka, chakula kikaletwa. Sasa sikilizeni, hapa ndipo huwa nachoka. Mzee akachukua sahani ya kuku, akaiangalia, akawaangalia wazee wenzake, akasema, "Huyu kijana ametuletea kitu kizuri." Akaigeuza ile sahani polepole mpaka firigisi ikakaa upande wangu. Nikanyoosha mkono. Televisheni ikawa kijidoti katikati, taa zikazimika, na sebule yote ikawa giza tii.

"Imerara," mzee mmoja akasema gizani, yaani imelala.

Kilichobaki kinawaka ni mita peke yake. Iko hapo ukutani, namba zinang'aa, themanini na sita, na kila mtu anaisoma kwa sababu hakuna kingine cha kuangalia.

"Sasa hii namba ni ya nini?" mzee akauliza. Hakuwa na hasira, aliuliza tu.

Hapo ningesema sijui. Ningesema, Baba, ngoja niangalie. Kwani neno "sijui" linavunja meno? Lakini firigisi ilikuwa mbele yangu gizani, nilikuwa karibu kuishika, na nikaona inarudi kule inakokwendaga siku zote. Nikasimama.

"Baba, hii mita haidanganyi. Kama betri imeisha na mita haijaona stima ikitoka, basi kuna mtu anaichukua kwa njia ya wizi. Hii nyumba ina mwizi."

Simiyu akanishika shati kwa nyuma. "Shemeji, achana na hiyo maneno."

"Siachani nayo! Si tutafute? Tufuate waya, tuone unaenda wapi!"

Wallahi, ule waya mwembamba ulikuwa umenitoka kichwani kabisa (Nanjala hajawahi kuamini hivyo, na simlaumu). Mzee mmoja akawasha kiberiti akainama penye betri, akasema, "Huu hapa, unaingia ukutani." Na kiberiti kilipozima tukaona mwanga mdogo wa kijani unatokea kwenye kitundu, kwa sababu kisanduku nilichofunga pamoja na mita, kinachokata stima betri ikichoka, kilikuwa kimekata taa na televisheni, lakini ule waya haukupita kwenye kisanduku hicho pia, ulikuwa bado unanyonya. Wazee wakazunguka nje hadi mlango wa jikoni. Mimi nikabaki nyuma, kwa heshima, eti.

Kulikuwa na benchi, na juu ya benchi simu za nusu ya Myanga zimepangwa zikichajiwa. Mama mkwe amekaa kando yake na Nanjala.

"Ati si hii ni yangu?" mzee wa kiberiti akasema.

"Na hiyo ya mfuko ni yangu," mwingine akasema taratibu.

Walikuwa wamempa simu zao walipofika, wote. Na wiki yote majirani walikuwa wanaleta, naye anachaji, kila mtu kijijini anajua isipokuwa mita yangu. Nilikuwa nje gizani lakini nikamwona mama mkwe akisimama, akajifunika uso kwa leso, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nanjala akamfuata. Aliponipita hakuniangalia.

Tulirudi sebuleni tukakaa. Mzee Wafula hakunifokea, afadhali angenifokea. Alipapasa mezani mpaka akaipata sahani, akasema, "Simiyu, kula hii." Halafu akanisogezea nyingine. "Mgeni, paja riko hapo." Nikalila, nisingelila ningefanya nini.

Wazee walisema neno kama hilo kwa mama mkwe haliondoki kwa pole ya mdomo, nilete kondoo na blanketi. Nikaleta. Nikakalishwa nje, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, mama mkwe akiwa ndani upande wa pili na Nanjala mlangoni akipeleka maneno, ingawa kila mtu alikuwa anasikia kila kitu.

"Mwambie huyo mtoto wangu," mama mkwe akasema, "huo waya ningeutoa mimi mwenyewe. Angeniuliza tu."

Huyo mtoto wangu. Miaka yote hiyo kwenye hilo boma na hakuna aliyekuwa ameniita hivyo, na anayeniita ni yule niliyemwita mwizi. Nikamwambia Nanjala amwambie asante, Nanjala akasema ameshasikia.

Kisha nikaingia sebuleni, nikainama penye betri, na ule waya ukaanza kutokea kwenye kitundu, mama mkwe anausukuma kutoka kwake polepole, nami nikauvuta upande wangu, nikaupitisha kwenye chuma nikaukaza. Hiyo ndiyo mara tuliyokaribia zaidi kupeana mkono, yeye na mimi.

Mzee bado ananiita mgeni, na firigisi bado inanipita. Mita ipo, siku hizi inasema kweli, na mtu akiniuliza kitu kuihusu nasema sijui, ngoja tumuulize Mama.