Matuta ya Mwakani

Nilifika kijijini Kasense nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimebeba blanketi na sufuria ndogo. Sufuria haikuwa yangu. Nilipewa na mke wa karani wa Kizwite siku ya kuondoka kwake, na mpaka leo sijui kama ilikuwa zawadi au ilikosa nafasi kwenye lori.

Lazima nianze na nyumba hiyo ya Kizwite, mtaa wa Sumbawanga mjini, kwa sababu bila hiyo mambo ya Kasense hayataeleweka. Mama yangu alitoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alipanda Sumbawanga kuuza dagaa, akaugua, akafia hospitalini. Baba sikumjua. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ilinipeleka kwa karani mmoja wa serikali, mtu wa Mbeya, mwenye watoto wadogo. Nililelewa vizuri pale, na ninaposema vizuri nina maana hiyo hasa: nilikula walichokula watoto wake, nilivaa sare kama wao, nilichapwa walipochapwa.

Kisha karani akapata uhamisho. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua kabla ya lori kuja. Mke wake alikuwa na kawaida ya kunitajia mambo ya mbele. Krismasi utavaa gauni hili. Shule ikifungwa utakaa na huyu mdogo. Maneno ya namna hiyo yakakoma. Akawa anazungumza nami mambo ya siku hiyo tu: chota maji, toa majivu. Sare yangu ilipasuka begani, haikushonwa. Lori lilipokuja, vitu vikapakiwa, na Bwana Ustawi, yule ofisa wa Ustawi aliyenileta pale, akaja na baiskeli ya ofisi kunichukua kwenda Kasense. Mke wa karani alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika blanketi na nilikuwa naangalia kama limefungwa sawasawa.

Tangu siku hiyo nikawa na kipimo changu. Katika nyumba yoyote sikusikiliza kama watu wananisema vizuri au vibaya. Nilisikiliza kama wananitajia kesho.

Nyumba ya Kasense ilikuwa na watu watatu. Baba wa nyumba alikuwa mtu mzima mkimya, ambaye mchana wote ungeweza kusahau kwamba yupo. Mama alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa. Binti yao alinizidi mwaka mmoja, na alikuwa na maneno ya kutosha kwa wote. Watoto wakubwa walikuwa wameondoka kutafuta kazi. Siku fulani za wiki balozi wa nyumba kumi aligonga kipande cha chuma, tukaenda wote kwenye shamba la ujamaa. Siku nyingine tulilima shamba la nyumbani.

Mama aliongea Kifipa na binti yake. Na mimi aliongea Kiswahili, polepole, akichagua maneno kama anayechagua maharage. Aliongea machache sana. Hilo lilinisumbua, kwa sababu mtu asiyesema huwezi kumpima.

Mwezi wa pili wa mwaka, nyasi zikiwa zimenifika kiunoni na mvua inanyesha karibu kila siku, mama alinipa jembe, akanipeleka shamba la chini. Akaburuta kisigino chake kwenye majani kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kichaka.

"Huu wako," akasema, akaenda kwenye mstari wake.

Nilimwona binti yake akijenga matuta ya mviringo, makubwa kama vikapu vilivyopinduliwa. Nikafikiri najua kazi hiyo. Katika shamba la shule tulifundishwa kuwa mkulima mzuri hana majani shambani. Basi nilikatua, nikakung'uta majani na mizizi yake yote, nikavitupa ukingoni, nikalundika udongo mtupu. Ilipofika mchana nilikuwa na matuta safi, yaliyonyooka kwa mstari. Sikuchoka sana. Nilichukulia kuwa kazi hiyo ni adhabu ya jambo nililofanya bila kujua, na adhabu niliizoea.

Binti wa nyumba alikuja kuangalia. Aliniita Mwalimu tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ya Kiswahili changu cha mjini. Alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

"Mama, njoo uone. Mwalimu ametuchimbia makaburi."

Mama akaja. Hakucheka. Alipiga goti, akaingiza mkono kwenye tuta moja mpaka kwenye kiwiko, akautoa.

"Majani yako wapi?"

Nikamwonyesha ukingoni.

"Yarudishe. Majani yanakaa ndani, udongo juu. Yaoze humo."

Nilijua shamba lile ni la ulezi, nikamuuliza kama ulezi unaota juu ya majani mabichi.

"Juu tunaweka maharage tu. Ulezi bado. Ulezi mpaka haya yameoza, mvua nyingine ikija, tunavunja, tunatawanya, ndiyo tunapanda. Hili si tuta la mwaka huu. La mwakani."

Nikauliza mwakani atavunja nani.

"Wewe," akasema. "Kwani amejenga nani?"

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilichofanya ni kubeba majani kutoka ukingoni na kuanza upya. Nilivunja tuta moja baada ya jingine, nikalaza majani, nikafunika. Lakini lile neno nililiweka, kama watu wa kule wanavyoweka kiberiti juu ya dari wakati wa mvua. Hakuna mtu aliyewahi kunitajia jambo la mbele namna hiyo.

Binti wa nyumba, alipokuwa akipita na jembe begani, aliniambia nijenge vizuri, nikiondoka atavuna yeye. Alikuwa anatania. Mimi niliichukua kama taarifa, nikaiweka pia.

Kiangazi, maharage yakiwa yamevunwa, Bwana Ustawi alifika, kope zake nyekundu kwa vumbi. Nilimwamkia shikamoo, nikamletea togwa, nikarudi mlangoni pa jiko kupukuchua maharage. Kutoka pale nilisikia kila kitu. Alisema amepatikana ndugu wa baba yangu, anaishi Msanzi. Amekuja ofisini mwenyewe. Mke wake amejifungua, wanahitaji msichana wa kumbeba mtoto ili mama aende shambani. Bwana Ustawi hakuficha hilo, na hakuliona baya. Alisema ni vema mtoto arudi kwa watu wake, na kwamba familia hii imefanya kazi nzuri, ofisi inashukuru.

Baba wa nyumba aliangalia chini. Mama alikuwa amesimama.

"Ana matuta," akasema.

"Ana nini, mama?"

"Matuta. Hajayavunja."

Bwana Ustawi alitabasamu kwa adabu. Alisema matuta anaweza kuvunja mtu yeyote, hata huyu binti yenu. Alikuwa mtu wa mjini, na alizungumza kama mtu anayemsaidia mgonjwa kunywa dawa. Mama akarudia lile lile: ana matuta.

Hapo baba wa nyumba akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza na mgeni zaidi ya salamu.

"Kwangu hapa aliyejenga ndiye anavunja. Huyu akienda, yatakaa vile vile. Nitakuwa na majani katikati ya shamba, na watu watapita wataniuliza."

Bwana Ustawi alikunywa togwa yake. Kisha akageuka kunitazama.

"Na wewe mwenyewe unasemaje? Unataka kukaa wapi?"

"Popote," nikasema.

Hilo ndilo jibu nililowapa watu wote wa ofisi, na siku zote lilikuwa limewaridhisha. Mama aliniangalia, kisha akaangalia maharage mikononi mwangu. Bwana Ustawi akaamua. Alikuwa mtu aliyechoka, si mbaya. Alisema mvua zije, nivunje matuta yangu, tupande. Kazi hiyo ikishakwisha atakuja kunichukua kunipeleka Msanzi.

Kesho yake tulipokuwa tukienda kisimani, binti wa nyumba aliniuliza.

"Mwalimu, Popote ndiko wapi? Kuna basi la kwenda huko?"

Aliweka ndoo chini, akasema kwamba angekuwa mimi angesema. Kisha akachota maji yake na hakunitania tena mpaka nyumbani.

Mvua zilikuja. Tulivunja matuta. Nilipiga jembe tuta la kwanza likafunguka, na ndani hapakuwa na majani. Palikuwa na udongo mweusi, mwororo, wenye uvuguvugu kidogo ukiweka kiganja. Nilitafuta jani moja nililoliweka kwa mkono wangu, sikuliona. Tuta moja tu, karibu na kichaka, lilikuwa jekundu na gumu, limebaki kama lilivyolundikwa. Nilikuwa nimelisahau siku ile nilipoanza upya.

"Hili lilisoma shule," mama akasema.

Nilimtazama kuona kama amekasirika. Alikuwa ameshaendelea na kazi.

Tulipanda ulezi. Ulipoota tulipalilia. Sasa sikuwa na tuta lolote lililobaki, na kila baiskeli iliyopita barabarani niliisikiliza mpaka ipite. Nilisikiliza pia ndani ya nyumba. Mama hakunitajia Pasaka, hakunitajia mavuno. Lakini ukiacha lile neno la matuta, hakuwahi kunitajia hata kabla, kwa hiyo kipimo changu hakikuonyesha kitu. Nilikula, nililala, nilitwanga. Usingizi haukunisumbua.

Mwezi wa pili ulirudi, nyasi zikafika kiunoni upande wa pili wa shamba. Asubuhi moja mama na binti yake walichukua majembe wakaondoka. Mama hakunipa jembe, wala hakunichorea mstari. Nilisimama uani nikawaangalia mpaka wakashuka bondeni. Basi nikajua. Hilo lilikuwa wazi kuliko gauni la Krismasi.

Niliingia ndani, nikakunja blanketi, nikaweka sufuria katikati, nikafunga. Nilifagia mahali nilipolala. Nikakaa mlangoni na mzigo wangu. Nilijaribu kukumbuka kama nimeacha kitu mahali, nikaona sijaacha. Mvua ilianza ikakoma. Kuku waliingia ndani na mimi sikuwafukuza, kwa kuwa hiyo haikuwa tena nyumba yangu ya kufukuzia kuku.

Jua lilipokuwa juu mama alirudi peke yake, matope mpaka magotini. Alitazama kuku, akanitazama mimi, akatazama mzigo. Akaniuliza kwa Kifipa kama naumwa. Nilikielewa kwa wakati huo, ila nilikuwa nakizungumza vibaya. Nikajibu kwa Kifipa kwamba siumwi. Akauliza, sasa nini. Hapo maneno yakanishinda, nikasema kwa Kiswahili:

"Hujanichorea mstari."

Alisimama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kanga.

"Mwenzio nimemchorea?"

Nilifikiri. Binti yake hakuwahi kuchorewa mstari, si mwaka huu wala mwaka jana. Alikuwa anachukua jembe na kwenda.

"Hapana," nikasema.

"Basi. Nikuchoree mpaka lini?"

Aliinama, akafungua mzigo, akatoa sufuria. Alisema kumbe iko hapa, ameirudia toka shambani apikie mboga. Akaingia nayo jikoni, akafukuza kuku.

Jembe langu lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote, nyuma ya mlango. Nilishuka shambani. Kati ya mstari wa mama na wa binti yake palikuwa na ukanda wa nyasi zilizosimama, haujaguswa. Binti wa nyumba hakuacha kulima aliponiona.

"Mwalimu amechelewa darasani," akasema.

Bwana Ustawi alikuja wiki iliyofuata. Baiskeli ilikuwa haiendi kwa matope, aliisukuma mpaka ukingoni mwa shamba, akasimama pale na viatu vyake mkononi. Tulikuwa wote watatu kwenye mistari. Mama alinyoosha mgongo. Bwana Ustawi aliangalia ulezi uliosimama upande ule, kisha akaangalia matuta mapya, na yangu yakiwemo.

"Tulisema utavunja, ukishapanda basi," aliniambia. "Na hayo?"

"Ya mwakani," nikasema.

"Atavunja nani?"

"Mimi."

Alichukua kijiti akaanza kuondoa matope kwenye gurudumu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yule wa Msanzi itabidi atafute mbebaji mwingine wa mtoto. Mama akamwambia apite nyumbani akanywe kitu. Wakaondoka pamoja, baiskeli katikati yao.

Mimi nilibaki na tuta nililokuwa nalo. Nililaza majani yote ndani, mizizi ikiangalia juu, nikaanza kufunika.